Kinachochelewesha kompyuta si kazi, ni kuianza kazi

TUSEME yupo karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku huko Usinge, katika Wilaya ya Kaliua mkoani Tabora, kando ya reli iendayo Kigoma. Mezani pake ipo kompyuta iliyonunuliwa ikiwa tayari imetumika, yenye mfumo wa Windows. Ndani yake mna mafaili 2,000, kila mkulima na faili lake: jina, kilo alizouza na fedha anazodai. Malipo ni kesho, na karani anatakiwa kutoa orodha moja ya wote.

Kijana huyo alijifunza Unix chuoni, na anajua kwamba katika mazingira hayo kazi ya namna hii haihitaji programu kubwa wala ya kununua. Anaweka Cygwin, programu ya bure inayoiwezesha Windows kupokea amri za Unix, anaandika mistari michache ya amri, kisha anabonyeza kitufe. Chuoni, kwenye kompyuta za Linux, kazi kama hiyo ilikuwa ikiisha kabla hajainua macho. Hapa dakika zinapita. Nje jenereta linanguruma, na mafuta yanapungua.

Wengi wanaofikwa na hali hiyo hukata shauri haraka kwamba kompyuta imezeeka, au imeingiwa na virusi. Mmoja hutafuta fedha za kununua nyingine, mwingine huipeleka kwa fundi afute kila kitu na kuanza upya. Hatua zote mbili zina gharama, na mara nyingi hazigusi chanzo cha tatizo, kwa sababu kinachokawia si kazi yenyewe. Kinachokawia ni kuianza.

Kazi ndogo, maandalizi makubwa

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie pamoja na wenzao. Desturi iliyojengeka ndani yake ni kwamba programu iwe ndogo, ifanye jambo moja na ilifanye vizuri, kisha ikabidhi matokeo yake kwa programu nyingine. Ipo programu ya kutafuta neno ndani ya faili, ipo ya kukata safu, ipo ya kupanga mistari, ipo ya kuhesabu. Anayetaka kufanya kazi kubwa huziunganisha hizo ndogo mfano wa shanga katika uzi.

Utaratibu huo una sharti moja. Kwa kuwa programu ndogo huitwa mara nyingi, gharama ya kuianzisha kila moja haina budi kuwa ndogo sana. Programu iliyoanzishwa na inayoendelea kufanya kazi huitwa mchakato. Kila mchakato unapoanza, kompyuta huutengea nafasi katika kumbukumbu, huusomea programu yake kutoka kwenye diski, huupatia maktaba za msimbo unazozihitaji na kuuandikisha katika daftari la michakato iliyopo. Hayo yote hufanyika kabla programu haijagusa hata herufi moja ya kazi iliyoitiwa.

Mkazi wa Tabora hahitaji kwenda mbali kupata mfano. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora na kuelekea Ujiji. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliwasili Tabora, iliyokuwa ikiitwa Kazeh, Novemba 1857, na walifika Ujiji Februari 1858. Sehemu ya muda huo, zaidi ya mwezi mmoja, iliishia palepale Tabora. Wapagazi waliotoka nao pwani walikuwa wamefika kwao Unyamwezini na kutawanyika, hivyo ilibidi watafutwe wengine. Hata msafara ulipokwisha kuondoka, ilikuwa ni kawaida safari ya siku ya kwanza kuwa fupi, ili aliyesahau kitu arudi kukifuata na aliyechelewa awakute wenzake.

Gharama kama hiyo huvumilika pale msafara mmoja unapobeba mizigo mingi. Lakini mfanyabiashara wa Tabora anayetaka mifuko elfu moja ya chumvi kutoka Uvinza, halafu akaunda msafara mpya kwa kila mfuko mmoja, atamaliza miaka akiajiri wapagazi. Akilaumu mwendo wa wapagazi atakuwa amekosea, kwani wao wanatembea vizuri. Kosa limo katika hesabu ya mianzo.

Njia panda ya Unix

Katika Unix mchakato mpya huanzishwa kwa hatua mbili. Ya kwanza ni wito uitwao fork, jina lenye maana ya njia panda. Mchakato uliopo hujigawa, ukatokea wa pili unaofanana nao kwa kila kitu: data zile zile, mafaili yale yale yaliyofunguliwa, mahali pale pale ulipofikia katika kazi. Wa kwanza huitwa mzazi, na wa pili mtoto. Hatua ya pili ni wito uitwao exec, ambapo mtoto huachana na programu aliyoirithi na kuvaa mpya aliyotumwa kuiendesha.

Mtu anaweza kushangaa kwa nini kunakiliwa kila kitu cha mzazi ilhali muda mfupi baadaye kitatupwa. Jibu limo katika historia. Ritchie alieleza kwamba katika kompyuta ya kwanza waliyoitumia, PDP-7, fork ilihitaji mistari 27 tu ya msimbo. Mashine ile ilikuwa tayari na mtindo wa kuhamisha mchakato kutoka kwenye kumbukumbu kwenda kwenye diski ili kuupisha mwingine, na nakala hiyo ya kwenye diski ndiyo iliyogeuzwa kuwa mzazi au mtoto. Njia fupi ya wakati ule ikawa desturi ya kudumu.

Baadaye mifumo ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, iliipunguzia fork uzito kwa hila nzuri. Mtoto hapewi nakala halisi ya kumbukumbu ya mzazi. Wote wawili huachiwa kusoma kurasa zile zile, na ukurasa hunakiliwa pale tu mmoja wao anapotaka kuandika juu yake. Kwa kuwa kwa kawaida mtoto huitupa programu ya mzazi mara moja, kurasa nyingi hazinakiliwi kamwe. Ndiyo maana kwenye Linux kuanzisha programu ndogo huchukua takriban milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, na pengine chini ya hapo.

Windows ilijengwa kwa fikra nyingine. Windows NT, iliyotolewa mwaka 1993 na ambayo ndiyo shina la Windows zote zinazotumika leo, haina wito wa fork kwa programu zake za kawaida. Anayetaka mchakato mpya hutaja programu anayoitaka, na mfumo huijenga kuanzia mwanzo. Kuanzisha mchakato huko ni jambo zito kidogo, kwani waandishi wa programu za Windows walizoea kuanzisha michakato michache inayodumu muda mrefu, na kugawana kazi ndani ya mchakato huo huo mmoja.

Cygwin hulazimika kubeba yote

Hapo ndipo Cygwin inapobanwa. Iliasisiwa mwaka 1995 na Steve Chamberlain, mhandisi wa kampuni ya Cygnus Solutions ya Marekani, ikiwa na lengo la kuziwezesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya Unix kufanya kazi juu ya Windows. Programu hizo zinapoita fork, Cygwin haiwezi kuzijibu kwamba jambo hilo halipo. Inabidi iliigize.

Uigizaji huo ni kazi ya jasho. Cygwin huiomba Windows iianzishe upya programu ya mzazi, lakini iisimamishe kabla haijaanza kazi. Kisha hunakili data zote za mzazi na kuzipachika kwa mtoto, kipande baada ya kipande. Maktaba za msimbo alizokuwa nazo mzazi lazima zipakiwe kwa mtoto katika anwani zile zile za kumbukumbu. Muda wote huo mzazi na mtoto hungojeana na kupeana ishara. Ile hila ya Linux ya kugawana kurasa hapa haipo, hivyo kinachonakiliwa kinanakiliwa kweli.

Mtoto akishakamilika huita exec ili avae programu mpya. Windows nayo hairuhusu mchakato kubadilishiwa programu ukiwa hai. Cygwin inalazimika kuanzisha mchakato mwingine tena wa Windows. Kwa hiyo amri moja ndogo ya kukata safu huweza kuugharimu mfumo michakato miwili mizito. Ndiyo sababu amri moja iliyochukua milisekunde moja kwenye Linux huchukua makumi ya milisekunde kwenye Cygwin, ingawa kompyuta ni ile ile.

Tatizo hili si la Cygwin peke yake. Git ya Windows, chombo kinachotumiwa na waandishi wengi wa programu, huja na dirisha la amri lililojengwa juu ya MSYS2, ambayo chimbuko lake ni Cygwin. Nayo hurithi uzito ule ule.

Hesabu ya karani

Turudi kwa karani wa Usinge. Orodha yake ya amri inasema: kwa kila faili, ita programu ya kutafuta jina, halafu ita ya kukata kilo, halafu ita ya kusafisha tarakimu za fedha. Ni amri tatu kwa kila faili. Mafaili yakiwa 2,000, hiyo ni mianzo 6,000.

Tukichukua milisekunde 1 kwa mwanzo, kama ilivyo kwenye Linux, mianzo yote itachukua sekunde 6. Tukichukua milisekunde 50 kwenye Cygwin, itachukua sekunde 300, yaani dakika 5. Ikiwa kuna programu ya kukinga virusi inayokagua kila kinachoanzishwa na kuufanya mwanzo mmoja ufikie milisekunde 200, karani atasubiri dakika 20. Katika dakika zote hizo, muda uliotumika kusoma majina na kilo ni mdogo mno.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwa nini kununua kompyuta mpya si dawa ya uhakika. Mashine yenye kasi maradufu itazigeuza dakika 20 kuwa 10, lakini mianzo 6,000 itabaki pale pale.

Vinavyoongeza uzito

Zipo sababu nyingine zinazoufanya mwanzo uwe mrefu zaidi, na nyingi hurekebishika bila gharama.

Ya kwanza ni ulinzi dhidi ya virusi. Programu za ulinzi husimama mlangoni na kukagua kila faili la programu linapofunguliwa. Kwa mtu anayefungua programu tano kwa siku, ukaguzi huo hauonekani. Kwa anayefungua 6,000 kwa mkupuo, ni foleni. Aidha, baadhi ya programu hizo huingiza maktaba zao ndani ya kila mchakato, jambo linaloweza kuzivuruga anwani ambazo Cygwin inazitegemea, hadi fork ikashindwa kabisa.

Ya pili ni mgongano wa anwani. Maktaba mbili zikigombea sehemu moja ya kumbukumbu, mtoto hushindwa kufanana na mzazi, na Cygwin hujaribu tena au hutoa ujumbe wa kosa. Hali hiyo ilikuwa ya kawaida kwenye matoleo ya biti 32, ambayo Cygwin iliacha kuyahudumia kuanzia toleo la 3.4 la mwaka 2022. Kwenye biti 64 nafasi ni kubwa na migongano imepungua. Panapotokea tatizo, ipo amri ya rebaseall inayozipanga upya maktaba hizo.

Ya tatu ni majina ya watumiaji. Tangu mwaka 2015 Cygwin huiuliza Windows moja kwa moja kuhusu mtumiaji na vikundi vyake. Kompyuta ya nyumbani hujibiwa papo hapo. Kompyuta iliyosajiliwa katika mtandao wa ofisi kubwa, ikiwa iko mbali na mtandao huo, huweza kungoja jibu lisilokuja, na dirisha la amri likakawia kufunguka kwa sekunde nyingi.

Ya nne ni orodha ya njia, yaani folda ambamo kompyuta hutafuta programu iliyotajwa. Orodha hiyo ikiwa na folda za diski ya mtandao isiyofikika, kila amri huenda kwanza kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Ya tano ni faili la maandalizi linalosomwa kila dirisha la amri linapofunguliwa. Mara nyingi hujazwa mapambo na vikumbusho ambavyo kila kimoja huita programu kadhaa.

Kupima kabla ya kutibu

Kabla ya kubadili chochote, ni vyema kupima. Kwenye dirisha la amri ipo programu ndogo iitwayo true, iliyomo katika folda ya bin, ambayo haifanyi kazi yoyote zaidi ya kuanza na kumaliza. Mtumiaji akiiita kwa njia yake kamili mara 100, akatanguliza amri ya time ili muda uhesabiwe, kisha akagawanya jumla kwa 100, atapata gharama ya mwanzo mmoja. Njia kamili inahitajika kwa sababu dirisha la amri lina true yake ya ndani, na amri za ndani hazianzishi mchakato mpya.

Akipata makumi ya milisekunde, hiyo ni hali ya kawaida ya Cygwin. Akipata mamia, pana kitu kinachoongeza uzito. Hapo ataangalia ulinzi wa virusi, mtandao na orodha ya njia, kimoja baada ya kingine, huku akipima upya kila mara. Akiamua kuiondoa folda ya Cygwin katika ukaguzi wa virusi, akumbuke kwamba ulinzi wa folda hiyo umepungua. Kwenye kompyuta inayopokea diski za mkononi za watu wengi, hatua hiyo haifai kuchukuliwa kwa wepesi.

Tiba iliyo bora ni kupunguza mianzo. Programu ya awk, ambayo ni sehemu ya zana za Unix tangu miaka ya 1970, inaweza kutafuta, kukata, kusafisha na kujumlisha, yote ndani ya mchakato mmoja, na inaweza kukabidhiwa mafaili yote 2,000 kwa mara moja. Mianzo 6,000 inakuwa mmoja, na muda unaobaki ni wa kusoma mafaili tu. Mtumiaji mwenye kuandika kwa Perl au Python hupata faida hiyo hiyo.

Njia nyingine ni kuhamia mahali ambapo mwanzo ni rahisi. Mwaka 2016 Microsoft ilianza kutoa ndani ya Windows 10 mazingira ya kuendeshea programu za Linux bila kupitia Cygwin, na mwaka 2019 ilitangaza toleo la pili lenye kiini halisi cha Linux. Mianzo huko ni myepesi. Hata hivyo, toleo hilo la pili linahitaji kumbukumbu ya kutosha, na husoma polepole mafaili yaliyohifadhiwa upande wa Windows. Anayelitumia ni bora aweke mafaili yake upande wa Linux.

Kwa kompyuta kuukuu, Linux yenyewe inaweza kuwa jibu la nafuu, na inawezekana kuijaribu kutoka kwenye diski ya mkononi bila kufuta Windows. Programu huria si ngeni nchini. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Uamuzi wa kuhama una uzito zaidi sasa, kwani Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 mwezi Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11.

Mjadala kuhusu fork yenyewe nao haujaisha. Mwaka 2019 watafiti Andrew Baumann, Jonathan Appavoo, Orran Krieger na Timothy Roscoe walichapisha andiko wakidai kwamba wito huo umepitwa na wakati, na kwamba vyuo viufundishe kama sehemu ya historia. Wanapendekeza programu ziombe mchakato mpya kwa kutaja moja kwa moja kinachotakiwa, bila kunakili mzazi. Baadhi ya programu tayari hufanya hivyo kupitia wito uitwao posix_spawn.

Karani wa Usinge hana haja ya kungoja mjadala huo umalizike. Akiiandika upya kazi yake kwa awk, kompyuta ile ile iliyodhaniwa kuwa imechoka itatoa orodha ya wakulima kwa muda mfupi, na fedha ambazo zingenunua mashine mpya zitabaki chamani. Aliyekuwa tayari kulipia kompyuta nyingine alihitaji kwanza kujiuliza swali moja: mashine hii inatumia muda wake kufanya kazi, au inautumia kujiandaa kuifanya?